Edward Angle: Baba wa vyuma vya kunyoosha meno

KIJANA anayetabasamu leo mitaani huku meno yake yakimeta kwa vyuma vidogo na waya mwembamba, huenda hajawahi kulisikia jina la Edward Hartley Angle. Hata hivyo, chuma kilichomo kinywani mwake kimetokana na fikra za daktari huyo Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1930.

Angle alizaliwa Juni 1, 1855 katika familia ya wakulima katika kaunti ya Bradford, jimbo la Pennsylvania. Tangu utotoni alionekana kuwa na mkono wa fundi kuliko wa mkulima. Alijiunga na chuo cha udaktari wa meno mjini Philadelphia, akahitimu mwaka 1878 na kuanza kazi katika mji mdogo wa Towanda.

Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Maradhi ya kifua yalimlazimisha kuiacha kazi na kuelekea magharibi kutafuta hewa kavu, na kwa muda alifuga kondoo katika eneo la Montana. Majira makali ya baridi yaliwaangamiza kondoo hao, naye akarudi Minneapolis na kushika tena koleo la daktari wa meno.

Wakati huo kunyoosha meno hakukuwa taaluma. Kila daktari alijibunia vifaa vyake, akavihunzi mwenyewe kwa dhahabu au madini mengine, na hapakuwa na utaratibu wa pamoja wa kueleza ni kasoro ipi inayotibiwa. Wengi waliona njia ya mkato ni kung'oa jino lililokaa vibaya, basi.

Mwaka 1886 Angle alianza kufundisha somo hilo katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka uliofuata aliwasilisha vifaa vyake mbele ya kongamano la kimataifa la tiba mjini Washington, akazua ubishi mkali kuhusu nani hasa aliyevibuni. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: vifaa vitengenezwe kwa vipimo maalumu na kuuzwa vikiwa tayari, ili daktari yeyote aweze kuvitumia bila kuwa mhunzi.

Mwaka 1892 alichukua uamuzi ambao wenzake wengi waliuona wa hatari kwa riziki yake. Aliacha kuziba na kung'oa meno, akabaki na kazi moja tu ya kuyanyoosha.

Kazi iliyompa jina duniani aliichapisha mwaka 1899. Aliligeukia gego kubwa la kwanza la juu, ambalo huota mtoto anapofikia umri wa miaka sita hivi, akalifanya kuwa ufunguo wa kinywa kizima. Mtu anapofunga kinywa, kilele cha mbele cha gego hilo, upande wa shavu, hutakiwa kutua katika mfereji wa gego la kwanza la chini.

Kwa kipimo hicho aligawa kasoro zote katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la watu ambao magego yao yamekutana sawasawa, lakini meno mengine yamepinda au kubanana. Daraja la pili ni pale meno ya chini yanapokuwa nyuma mno, na la tatu ni pale yanapotangulia mbele ya yale ya juu. Hadi leo madaraja hayo hufundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno duniani kote, vya Afrika Mashariki vikiwamo.

Hakuridhishwa na saa chache ambazo vyuo vikuu viliitengea taaluma hiyo. Mwaka 1900 alifungua shule yake mwenyewe mjini St. Louis. Hapo ndipo palipochipuka chama cha kwanza cha madaktari wa fani hiyo nchini Marekani, naye akawa rais wake wa kwanza. Baadaye shule hiyo ilihamia mashariki ya nchi na hatimaye Pasadena, jimbo la California. Mkewe wa pili, Anna Hopkins, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, alikuwa mkono wake wa kulia katika uandishi na uendeshaji wa shule.

Wanafunzi wake walimpenda na kumwogopa. Alikuwa mwalimu asiyechoka, lakini hakuvumilia kupingwa. Aliyekwenda kinyume na mafundisho yake alihesabiwa kuwa msaliti, na urafiki wa miaka mingi ungeweza kuvunjika kwa neno moja.

Jambo lililowagawa zaidi lilikuwa kung'oa meno. Awali Angle hakulipinga, ila baadaye aliamini kwamba kila binadamu amejaliwa meno 32 na hakuna hata moja la kutupwa. Alikuwa na fuvu lenye meno yaliyokamilika na kupangana vema, akalitumia kama kielelezo chake. Aliamini meno yakiwekwa mahali pake na kutumika kutafuna, mfupa wa taya utakua na kuyapokea.

Mwaka 1911 Calvin Case wa Chicago aliupinga msimamo huo hadharani, akisema wapo wagonjwa ambao taya zao hazina nafasi ya meno yote. Martin Dewey, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Angle, alisimama kuutetea. Kwa miaka mingi baada ya hapo upande wa Angle ndio uliotawala.

Uzeeni Angle alitoa zawadi yake kubwa. Mifumo yake ya awali iliweza kuinamisha jino au kulizungusha, lakini haikuweza kuuongoza mzizi ipasavyo. Mwaka 1928, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alitangaza kishikizo kidogo cha chuma chenye mfereji wa pembe nne, ambamo waya wa pembe nne ulilazwa kwa ubavu wake mwembamba. Mfereji huo ulikuwa na vipimo vya inchi 0.022 kwa 0.028. Kwa kuwa waya haukuweza kuzunguka ovyo ndani ya mfereji, daktari aliweza kuliongoza jino pande zote, mzizi na taji kwa pamoja.

Angle alifariki dunia Agosti 11, 1930 huko Santa Monica, California. Mwaka huohuo wafuasi wake walianzisha jarida lenye jina lake, ambalo bado linachapishwa.

Aliyekuja kuutikisa msimamo wake hakuwa adui bali mmoja wa wanafunzi wake waaminifu, Charles Tweed wa Arizona. Kwa miaka kadhaa Tweed alitibu wagonjwa bila kung'oa jino, kama alivyofundishwa, kisha akaona kwa uchungu kwamba wengi meno yao yalichomoza mbele au kurudi yalikotoka. Aliwaita tena, akang'oa meno manne kwa kila mmoja na kuwatibu upya kwa kishikizo kilekile cha mwalimu wake. Alipowaonyesha wagonjwa hao mwaka 1940, wafuasi wa Angle walighadhibika, lakini matokeo yalijieleza yenyewe.

Leo madaktari hupima kila kinywa kwa hali yake, wakang'oa panapolazimu na kuacha panapowezekana. Vishikizo sasa hugandishwa juu ya jino kwa gundi badala ya kuzungushiwa mkanda wa chuma, na nyaya ni za madini ambayo Angle hakuyajua. Imani yake kuhusu meno 32 haikudumu kama alivyoitaka. Mfereji wake wa pembe nne na madaraja yake matatu vimedumu, na kwa hivyo jina lake halijasahauliwa.