Fumo Liyongo: Jamaa wa Upinde Mkubwa Aliyemalizwa na Sindano

Kama umewahi kukaa meza moja na mbogi ya Dungeons & Dragons, unajua kuna msee mmoja hakosi. Ni yule anataka mhusika wake abebe silaha kubwa kumliko yeye mwenyewe. Hapa Nax tunaye wetu. Jumamosi moja kwa keja ya beshte Section 58, alikataa kucheza mpaka apewe upinde wa jitu. Tulibishana karibu saa nzima, chai ikapoa, na hakuna mtu alikuwa amerusha dadu hata moja.

Mimi chuo niliacha, lakini fasihi ya sekondari haijawahi kuniacha. Nikawaambia wasee watulie, kuna jamaa wa Pwani alishamaliza hii kesi kitambo, kabla hiyo gemu itoke Marekani mwaka wa 1974. Anaitwa Fumo Liyongo. Kama umesoma Kenya, ulipatana naye kwa mighani, pale mwalimu anaandika Liyongo na Luanda Magere kwa ubao mmoja na wewe unawaza tu kengele ya lunch.

Sasa kaa chini, nikupe maisha yake vizuri.

Kwanza, sheria inasema nini

Kwa wale hawachezi: kwenye gemu, ukishambulia unarusha dadu ya pande 20. Ukipata namba ya juu umegonga, ya chini umekosa. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinasema silaha iliyotengenezewa kiumbe mkubwa inaongeza dadu za madhara mara mbili. Upinde mrefu wa binadamu unaumiza kwa dadu moja ya pande 8, wa kiumbe mkubwa unaumiza kwa mbili. Tamu, si ndio? Lakini mtu wa kawaida akiushika, lazima arushe ile dadu ya 20 mara mbili na achukue namba ya chini. Na kama silaha inamzidi kwa saizi mbili au zaidi, msimamizi ana ruhusa ya kukataa kabisa.

Kwa kifupi, ukubwa unalipiwa. Liyongo naye alilipa, lakini bei yake haikuwa kwa dadu.

Kijana wa delta

Liyongo alitokea Pwani ya kaskazini, pande za Shaga, Ozi na Pate, kati ya delta ya Tana na visiwa vya Lamu. Wasomi wanabishana aliishi karne gani, lakini stori yake ni ya zamani sana. Edward Steere aliichapisha mwaka wa 1870, na mwaka wa 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitunga kama utenzi. Kabla ya hao wote, watu walikuwa wanaisimulia na kuiimba tu.

Alikuwa mrefu, mwenye nguvu za kutisha, na mrenga mishale hatari. Pia alikuwa mshairi. Hiyo wengi husahau. Kuna nyimbo za gungu, zile za ngoma za harusi, ambazo watu wa Pwani bado wanasema ni zake. Kwa hivyo usimchore kichwani kama baunsa wa klabu. Huyu alikuwa na misuli na maneno.

Siku moja mfalme wa Pate alimwita mjini ili wageni Waoromo wamwone. Liyongo akatokea na mfuko begani. Alipoufungua, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu, hadi mafiga ya jikoni. Yaani msee alibeba jikoni mzima kama wewe unavyobeba chaja. Wageni wakabaki midomo wazi. Wakaona hii mbegu lazima waipate, wakamwoza binti yao. Akazaliwa mtoto wa kiume, akakua akifanana na budake kabisa.

Shika huyo mtoto kwa kichwa. Tutarudi kwake.

Kikoa cha makoma

Sifa zikizidi, mwenye kiti anaanza kukosa usingizi. Kuna masimulizi yanayosema kiti chenyewe kilikuwa na mgogoro, eti kilimwendea Daudi Mringwari na Liyongo akaachwa nje. Vyovyote vile, mfalme aliona huyu jamaa akiamua tu siku moja, ufalme umeenda. Akaamua kumtoa. Liyongo akanusa mambo, akahepa porini.

Mfalme akatoa ganji kwa wawindaji wa msituni, Wasanye na Wadahalo, wajifanye mabeshte zake halafu wamletee kichwa. Wakaja na mpango safi. Walikuwa wanakula makoma, yale matunda ya mkoma, kwa kikoa. Leo wewe unapanda mti, kesho mimi, hadi kila mtu afikiwe. Zamu ya Liyongo ikifika na awe huko juu mikono imeshika mti, wanammiminia mishale.

Zamu ikafika. Liyongo hakupanda. Alichagua mkoma mrefu kuliko yote, akavuta upinde wake, akaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Wawindaji wakaokota, wakala, wakanyamaza. Hakuna aliyetaka tena hiyo kazi.

Na usidhani hao walikuwa watu wa kushangazwa na upinde wowote. Waata, ambao pia huitwa Wasanye, ni wawindaji wa ndovu. Pinde zao zilipopimwa karne iliyopita, zilidai nguvu ya zaidi ya paundi 100 kuzivuta. Hiyo ni zaidi ya kilo 45, karibu mfuko wa simiti, na unauvuta kwa vidole. Kijana hakuamka tu asubuhi akaubeba. Alianza na mdogo, akakua nao.

Hata Uingereza ilikuwa hivyo. Meli ya kivita ya Mary Rose ilizama 1545, na ilipochimbuliwa walipata pinde zaidi ya 130. Wataalamu walikadiria nyingine zilidai hadi paundi 185. Baadhi ya mifupa ya wanaume waliozama nayo ilikuwa na mabega yaliyobadilika, na wataalamu wanadhani ni kwa sababu ya kuvuta pinde nzito tangu utotoni. Sasa piga picha upinde uliowatisha Wasanye.

Mkate wa wishwa

Mfalme akabadilisha mbinu. Liyongo akanaswa mjini wakati wa ngoma, akafungwa minyororo na kutupwa jela, walinzi mlangoni. Hapo upinde haukuwa na kazi. Silaha kubwa haiingii selo.

Kilichomsaidia ni wanawake wawili. Mamake alikuwa anamtuma kijakazi, Saada, ampelekee chakula. Kila siku walinzi walikuwa wanasanya chakula kizuri na kumwachia Liyongo makombo. Yeye akaigeuza hiyo tabia yao kuwa mpango. Akatunga wimbo, akampa Saada aufikishe kwa mathe. Ndani ya maneno kulikuwa na maagizo: oka mkate mzuri kwa ajili ya walinzi, na mwingine wa wishwa, halafu ndani ya huo wa wishwa ficha tupa.

Walinzi wakachukua mzuri. Wa wishwa wakausukuma ndani wakicheka. Liyongo akauvunja, akapata tupa, na usiku ule ngoma na matari yalipigwa nje kwa kelele. Yeye ndani anakereza minyororo, na sauti ya chuma inamezwa na muziki. Alipomaliza, akatoka. Walinzi ndio walijua hawajui.

Angalia hapo. Jitu zima limeokolewa na tupa ndogo, mkate mbaya na msichana aliyebeba ujumbe kichwani bila kuukosea.

Sindano ya shaba

Sasa turudi kwa yule mtoto. Mfalme alimwita, akamkalisha, akamwahidi bintiye awe mke wake, na cheo juu. Alichotaka ni kitu kimoja tu: ajue ni nini kinaweza kumuua Liyongo.

Kijana akamtafuta budake porini, akamuuliza kama mtoto anayejali. Liyongo alielewa. Masimulizi yanasema alijua kabisa ametumwa. Lakini alimjibu ukweli: upanga haumwezi, mkuki haumwezi, ila sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Kwa nini alisema? Mimi naona ni kwa sababu ilikuwa damu yake inauliza. Luanda Magere naye aliangushwa hivyo hivyo, siri ikatoka kwa mke waliyempelekea maadui.

Kijana akarudi na sindano. Alitetemeka, akangoja, mpaka usiku budake alipolala usingizi mzito wa kukoroma. Akadunga, akatoroka.

Liyongo akaamka na maumivu. Hakumfukuza mtu. Akachukua upinde, akatembea hadi kisimani, akapiga goti, akaweka mshale kwenye uzi na kuuelekeza mjini. Akafia hapo, akiwa bado kwenye goti.

Waliokuja kuteka maji walimwona, wakatimua. Mji mzima ukakaa na kiu kwa siku, kwa sababu ya maiti yenye upinde. Walimwomba mamake aende akambembeleze. Mathe akaenda, akamlilia na kumwimbia akidhani mwanawe amekasirika tu. Mwishowe mwili ukaanguka, na ndipo wakaiona sindano. Kipini, pale mto wa Tana unaingia baharini, watu bado wanaonyesha mahali wanaposema alizikwa.

Na kijana? Hakupewa binti, hakupewa cheo. Mfalme alimfukuza, maana nani angemweka karibu mtu aliyemuuza budake? Akaugua, akafa. Kama umewahi kuona vijana wa mtaa wakipewa mia mbili na tisheti wakati wa kampeni wafanye kazi chafu, halafu simu zao hazishikwi baada ya kura, hiyo sehemu haihitaji mwalimu.

Tulivyoamua kwa meza

Msimamizi wetu alisikiza stori yote, akakubali. Msee wetu alipewa upinde wake wa jitu, dadu mbili za madhara na adhabu ya kurusha mara mbili kama kitabu kinavyosema. Lakini tukaongeza sheria moja ya nyumbani. Mtu yeyote anayetaka silaha kubwa lazima aandike kwa karatasi yake vitu viwili: kitovu chake kiko wapi, na ni nani mmoja anajua.

Cha kwanza aliandika haraka. Cha pili kilimchukua muda mrefu. Alishika penseli akiangalia dirishani, mwishowe akaandika jina, akaikunja karatasi na kuirudisha kwa msimamizi bila kutuonyesha.

Wewe je, ungeandika nani?