Soichiro Honda: Fundi Aliyeshindwa na Ringi Akarudi Chuoni

Jina la Honda limezoeleka mno masikioni mwetu, hata wengi husahau kwamba lilikuwa jina la mtu kabla ya kuwa jina la chombo. Ukipita leo katika barabara itokayo Embu kwenda Meru, kwa njia ya Runyenjes, Chuka na Chogoria, utaona pikipiki tele, na nyingi zimetoka Bara Hindi. Lakini yuko pia yule aliyerithi Honda kuukuu ya babake, akaisugua kutu, akaipaka rangi, akaing'arisha mpaka ikawa kama mpya. Akiipiga teke, haiwaki. Ndipo anapojua kwamba rangi haiwashi injini, na ya kwamba ili kukifufua chombo hicho hana budi kuifuata njia ya mwenye jina lake: kutafuta sababu kabla ya kushika spana.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu nchini Japani. Babake, Gihei, alikuwa mhunzi, kisha akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Mamake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo. Yasimuliwa kwamba motokaa ya kwanza ilipopita kijijini, mtoto huyu aliikimbilia, akainama kunusa mafuta yaliyodondoka chini kama mtu anusaye manukato. Mwaka 1917 alichukua baiskeli ya babake bila ruhusa, akaenda zaidi ya maili kumi kutazama eropleni. Kwa kuwa hakuwa na kiingilio cha kutosha, alipanda juu ya mti akaitazama akiwa huko.

Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kujifunza ufundi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Kazi aliyopewa kwanza ilikuwa kumlea mtoto wa tajiri wake. Hakuondoka; alivumilia, akiwatazama mafundi kwa mbali na mtoto mgongoni, mpaka zamu yake ikafika. Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji ile, naye hajatimiza miaka 22. Alipata sifa na fedha, akapenda na mashindano ya motokaa. Mwaka 1936 gari alilokuwa akishindania lilipinduka katika uwanja wa Tamagawa, yeye na ndugu yake wakaumia vibaya.

Sasa tufike penye kiini cha maisha yake. Honda alitaka kuacha kutengeneza vyombo vya watu na kuanza kuunda kitu chake mwenyewe, akachagua ringi za pistoni. Ringi ni pete ya chuma inayouzunguka mwili wa pistoni ndani ya silinda. Kazi yake ni kuuzuia moto wa petroli usiteremke chini, na kuyazuia mafuta ya injini yasipande juu. Ni kitu kidogo, lakini kikilegea, injini nzima haina nguvu.

Honda alidhani mkono wake mwepesi ungetosha. Haukutosha. Ringi zake zilikatika na kulika. Hata baadaye, kati ya ringi 50 alizopeleka kukaguliwa na kampuni ya Toyota, 3 tu ndizo zilizokubaliwa. Mtu wa umri wake, mwenye mke, mali na wafanyakazi, angeweza kulaumu chuma au kulaumu bahati. Yeye alikwenda kuuliza katika shule ya ufundi ya Hamamatsu, akaelezwa kwamba chuma chake kilipungukiwa na silikoni. Basi akajiandikisha kama mwanafunzi, akakaa darasani pamoja na vijana wadogo kwake. Hakufanya mitihani, kwa hiyo hakupewa shahada, lakini alipata alichokifuata, na ringi zake zikaanza kununuliwa.

Hapa ndipo fundi wa Honda kuukuu, awe Embu au Mombasa, anapopata somo lake la kwanza. Ukikanyaga kiki nayo ikashuka bila ukinzani, usianze kubadilisha vipuri ovyo. Toa plagi, tia mafuta kidogo ya injini katika tundu lake, kisha ukanyage tena. Nguvu ikirudi, ringi ndizo zilizolika. Isiporudi, zitazame valvu. Kwa tone la mafuta umeokoa fedha na siku nzima ya kazi.

Vita vya Pili vya Dunia vilimnyang'anya Honda karibu kila kitu. Kiwanda kimoja kilipigwa mabomu, na cha pili kikaangushwa na tetemeko la ardhi mwezi wa Januari 1945. Aliuza kilichosalia kwa Toyota, akapumzika mwaka mzima. Mwaka 1946 alipata injini ndogo zipatazo 500, zilizokuwa zikiendesha mitambo ya redio ya jeshi, akazifunga katika baiskeli. Tangi la kwanza la petroli lilikuwa chupa ya maji ya moto ya kupashia kitanda joto. Mkewe, Sachi, alikuwa miongoni mwa walioendesha baiskeli hizo kuzijaribu. Tarehe 24 Septemba 1948 kampuni ya Honda ilianzishwa, na mwaka uliofuata akajiunga naye Takeo Fujisawa, aliyeshika biashara huku Honda akishika ufundi.

Mwezi wa Julai 1951, pikipiki yao mpya ya Dream ilipelekwa kujaribiwa katika mlima wa Hakone, ambako injini nyingi zilizoea kuchemka na kuzima njiani. Aliyeiendesha ni Kiyoshi Kawashima, na Honda na Fujisawa wakamfuata kwa motokaa katika mvua. Pikipiki iliwaacha nyuma, wakaikuta kileleni.

Mlima una hesabu yake, nasi watu wa pwani yatupasa kuijua. Mji wa Meru uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya saba. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa pwani, ikifika Meru hupata petroli nyingi kuliko hewa; hukohoa, hutoa moshi mweusi, na plagi hupata masizi. Ile iliyorekebishwa Meru ikiteremshwa Mombasa hupata hewa nyingi mno. Plagi huwa nyeupe, injini hupata joto kali, na pistoni huweza kuungua. Plagi iliyo sawa ina rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa.

Mwezi wa Agosti 1958 ilitoka Super Cub, pikipiki ndogo isiyo na klachi ya mkono, ambayo kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100. Anayeifufua afuate utaratibu. Amwage petroli ya zamani, asafishe tangi na vitundu vya kabureta. Pointi ziachane kwa milimita 0.3 hadi 0.4, na valvu zipewe nafasi ya milimita 0.05 injini ikiwa baridi. Kisha aiwashe ipate joto, ndipo aguse skrubu ya hewa, taratibu, mpaka mlio uwe sawa. Wengi huanza na skrubu hiyo, na hapo ndipo wanapopotea.

Breki zisiwe za mwisho kukumbukwa. Mteremko wa daraja la Nithi, baina ya Chuka na Meru, umeua wengi. Mwezi wa Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia bondeni hapo, wakafa watu zaidi ya 30. Chombo kisichosimama hakijatengenezwa, hata kikinguruma vipi.

Mwaka 1959 Honda alipeleka pikipiki zake katika mashindano ya Isle of Man, na ya mbele kati ya zake ikawa ya sita. Mwaka 1961 zilishinda. Mwaka 1973 yeye na Fujisawa walistaafu siku moja, wakamwachia uongozi Kawashima, yule mpanda mlima. Honda alifariki tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 84. Alikuwa ameusia asifanyiwe mazishi makubwa ya kampuni, yasije yakaziba njia za watu.

Hakuwa wa dini yetu, lakini hekima huokotwa popote ionekanapo. Wenye mikono myepesi kama yake walikuwa wengi katika zama zake. Wachache ni wale ambao, wamekwisha kuitwa mabwana, walikubali kuketi tena mbele ya mwalimu kwa sababu ya pete ya chuma iliyowashinda.