René Lalique: Sonara Aliyeipa Pembe Heshima ya Dhahabu

Tangu zamani kazi ya sonara imepimwa kwa mizani. Mteja huuliza uzito wa dhahabu, huhesabu mawe, ndipo atazame umbo, ikiwa bado ana haja ya kulitazama. Desturi hiyo haituhusu kwa mbali, kwani hata majumbani mwetu kidani cha bibi arusi husifiwa kwa tola zake kabla ya kusifiwa kwa mkono uliokifua. Mtu tunayemweleza leo aliipinga desturi hiyo mbele ya matajiri wa Paris, nao wakamkubali. Watu wanaokusanya mapambo ya zamani ya pembe, shaba na kioo, yale ambayo kwa dharau huitwa vito vya bandia, wana deni kubwa kwake.

René Lalique alizaliwa tarehe 6 Aprili, 1860, huko Ay, katika nchi ya mizabibu ya Champagne, Ufaransa. Wazazi wake walihamia Paris angali mtoto, lakini wakati wa likizo alirudi Ay, na huko mashambani jicho lake likazoea majani na wadudu. Baba yake alifariki mwaka 1876. Kijana huyo wa miaka 16 akatiwa katika karakana ya Louis Aucoc, sonara wa Paris, ili ajifunze kazi. Baadaye alikwenda Uingereza, akasoma uchoraji kwa miaka miwili huko Sydenham. Aliporudi mwaka 1880 aliishi kwa kuchora michoro na kuwauzia wenye maduka, miongoni mwao Cartier na Boucheron. Vito vilivyotokana na michoro yake vilitoka madukani kwa majina yao, si kwa jina lake. Mwaka 1885 alipata karakana yake mwenyewe.

Wakati huo Paris ilikuwa imejaa almasi. Migodi ya Afrika Kusini ilikuwa imefunguliwa tangu miaka ya 1860 na 1870, na masonara walishindana kupanga mawe mengi kadiri ilivyowezekana, huku fedha au dhahabu iliyoyashika ikifichwa isionekane. Kitu kilichouzwa kilikuwa jiwe, na sonara alikuwa mshikaji wake tu.

Lalique naye alianza kwa almasi, na kazi hiyo aliifanya vizuri. Lakini katikati ya miaka ya 1890 alileta mbele ya watu kitu ambacho hakuna sonara mkubwa aliyefikiri kukileta: pembe ya ng'ombe. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Pembe ni kitu kinachotupwa machinjioni. Wafuga ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu sana, wanajua uzuri wake, lakini nani angeipeleka kwa sonara? Lalique aliona kwamba pembe ikichongwa nyembamba hupitisha mwanga kama jani lililo mbele ya jua, na kwamba rangi yake ya asali huafikiana na nywele za mwanamke. Akachonga vitana vyenye maua na wadudu, akitumia hata mashine ya watengeneza medali, ambayo huchukua kielelezo kikubwa na kukichonga upya kwa kipimo kidogo. Pale palipohitaji tone la umande alitia almasi moja ndogo, basi. Almasi ikawa mtumishi wa pembe.

Enameli nayo, ambayo wengi wetu tunaijua kwa bakuli na vikombe, aliitumia bila kuiwekea bati nyuma, ikajaa kati ya nyuzi za dhahabu kama kioo cha dirisha, hata bawa la mdudu likapitisha mwanga kama bawa la kweli. Anayetaka kuijua kazi ya namna hii asitosheke na uso wake. Akigeuze kito, atazame mgongo. Fundi mvivu huuacha mgongo ukiwa mkavu, maana mteja hauoni. Lalique aliutia nakshi.

Pambo lake mashuhuri kuliko yote ni lile la kerengende, lililotengenezwa mnamo mwaka 1897 na 1898: mwanamke anatokea kinywani mwa mdudu mwenye mabawa yaliyokunjuliwa na makucha makubwa ya dhahabu. Upana wake unapita sentimita 25. Sisi tunakiri kwamba hatuoni jinsi mtu angeketi mezani kula akiwa amelivaa kifuani. Hata hivyo lilinunuliwa na Calouste Gulbenkian, tajiri wa mafuta, aliyekusanya kazi za Lalique zaidi ya 100. Leo limo katika jumba lake la makumbusho mjini Lisbon.

Maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 yalimpa Lalique sifa ya dunia nzima, na sifa ikamletea waigaji. Wengine walikuwa mafundi wa kweli, kama Elizabeth Bonté, ambaye vidani vyake vya pembe vyenye kamba ya hariri hutafutwa sana na wakusanyaji. Wengi walinakili tu. Mwenyewe alianza kuyaacha mapambo ya thamani na kukielekea kioo. Mwuza manukato François Coty alimwomba kazi kwa ajili ya chupa zake. Mwaka 1909 akapata kiwanda cha kioo huko Combs-la-Ville, na mwaka 1921 akaanzisha kingine huko Wingen-sur-Moder, Alsace. Vidani vya kioo kilichosubiwa katika kalibu, vyenye nyuki, nyenze au maua, vikaweza kununuliwa na watu ambao wasingethubutu kuuliza bei ya kerengende.

Vita vilipoingia mwaka 1940, Wajerumani waliitwaa Alsace na kiwanda kikafungwa. Lalique alifariki Paris mwezi Mei, 1945, akiwa na umri wa miaka 85, kabla ya tanuri za Wingen kuwashwa tena. Mwanawe Marc ndiye aliyezifufua.

Kazi nyingi za kioo zilizotoka katika uhai wa mzee zina sahihi ya R. Lalique, lakini baada ya kifo chake ile R iliachwa. Herufi hiyo moja hupandisha bei sana, nao matapeli wamejifunza kuikwaruza juu ya vioo vya baadaye na hata vya viwanda vingine kabisa. Mnunuzi hugeuza kidani, hutafuta R kwa lenzi, akiiona hulipa. Umbo lenyewe, pale bawa linapoungana na mwili na pale mwanga unapopita, huenda hakulitazama hata mara moja.