Mwizi Aliyekabidhiwa Mamilioni

Kijana mwenzangu, umepewa karatasi hii mkononi, labda hata hukuiomba. Labda umesimama kule pembeni ya uwanja, mikono mfukoni, umefuata gitaa na ngoma tu. Kapu la sadaka likipita unacheka, unasema moyoni, hawa nao wanatafuta hela. Mimi sitakugombeza. Kabla sijaokoka nilikaa kijiweni na maneno hayo hayo nimeyasema, tena kwa sauti. Na nikuambie kweli: wapo watu waliokula sadaka. Wamekula hata senti za wajane. Mungu anawajua.

Lakini hebu simama kidogo nikusimulie habari za mtu mmoja. Alikuwa mwizi. Tena hakuwa mwizi wa njaa, alikuwa mwizi wa raha. Jina lake George Müller.

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805, huko Prussia, mahali ambapo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza kodi wa serikali, kwa hiyo pesa za serikali zilikuwa zinalala nyumbani kwao. Unaona mtego huo? Kabla hajafikisha miaka kumi, George alikuwa ameshazizoea. Anachukua kidogo leo, kidogo kesho, na baba analipa mwenyewe upungufu bila kujua unatoka wapi. Mwisho mzee akashtuka. Akahesabu fedha, akaziacha chumbani alikokuwa mtoto, akatoka. Aliporudi zimepungua. Akampekua mtoto mwili mzima, na akazikuta ndani ya kiatu, chini ya unyayo. Akamwadhibu. Wewe unadhani aliacha? Hakuacha. Alijifunza tu kuiba kwa akili zaidi.

Ulipofika wakati wa kuingizwa kanisani kama vijana wengine, baba alimpa fedha za kumpelekea mchungaji. Alimpa mchungaji sehemu moja tu katika kumi na mbili, nyingine akaweka mfukoni. Yaani anakwenda kuungama dhambi huku ameiba ada ya ungamo! Usiku ambao mama yake alikuwa anakufa, yeye alikuwa anacheza karata mpaka saa nane za usiku. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Akiwa na miaka kumi na sita alitoka kwenda kutembea, akalala katika hoteli nzuri, akala, akanywa, na kulipa hana. Akakamatwa. Krismasi ya mwaka 1821 ilimkuta jela. Akatoka Januari 1822, baada ya baba yake kulipa deni na gharama zote.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalonigusa mimi zaidi. Mwaka 1825 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Halle, anasomea uchungaji. Ndiyo, uchungaji! Yeye na wenzake wakafanya safari ya kutembea mpaka Uswisi. Wakakubaliana kuweka fedha pamoja katika mfuko mmoja, na mshika mfuko wakamchagua George. Safari ikaisha, kila mtu ameridhika. Kumbe mshika mfuko alikuwa amepanga hesabu kwa ujanja wake, hata yeye akalipa theluthi mbili tu ya walichotoa wenzake. Hakuna aliyejua. Hakukuwa na daftari mtu analoweza kulifungua. Wenzake walimwamini kwa uso tu.

Baada ya safari ile, mwezi wa Novemba mwaka huo huo, rafiki yake mmoja alimpeleka katika nyumba ya mfanya biashara mmoja Mkristo, Jumamosi jioni. Watu wachache wamekaa, wanaimba, wanasoma Biblia. Halafu mtu mmoja akapiga magoti kuomba. George alikuwa hajawahi kuona mtu akipiga magoti kumwomba Mungu. Hebu fikiri: anasomea uchungaji na hajawahi kuona! Hakuna umeme uliomwangukia. Alitoka pale na furaha ambayo hakuijua inatoka wapi, na akawa anarudi kwa watu wale. Ulevi ukaanza kumtoka, na uongo ukaanza kumtoka. Kristo alimpata.

Mwaka 1829 alihamia Uingereza, akawa mchungaji wa kanisa dogo katika mji wa Teignmouth. Mshahara wake ulikuwa pauni 55 kwa mwaka. Mshahara huo ulitokana na viti. Siku zile watu walikodi viti kanisani, tajiri anakaa pazuri, maskini anabanwa nyuma. Müller aliona hilo si haki. Mwaka 1830, mwezi ule ule aliomwoa Mary Groves, aliacha kabisa kupokea mshahara. Likawekwa sanduku kanisani, atakayependa kutoa atie, asiyependa asitie, na hakuna anayejua nani ametia nini. Bwana harusi mpya huyo! Mimi nina mke, najua mazungumzo ya jikoni yanavyokuwa. Lakini Mary alikubaliana naye.

Mwaka 1832 wakahamia Bristol, mji wa bandari. Mwaka 1834 akaanzisha shirika la kugawa Biblia, kusaidia shule na wamisionari. Mji ule ulijaa yatima, na mwisho wa mwaka 1835 akasema anataka kufungua nyumba ya kuwalea. Aprili 1836 nyumba ikafunguliwa, barabara ya Wilson, kwa watoto wa kike wachache. Mtoza kodi mdogo wa zamani sasa anashika fedha za yatima.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Alijiwekea sheria. Hatakopa hata mara moja. Hatamwomba mtu yeyote fedha, ataomba kwa Mungu tu. Hayo mahubiri mengi hutaja. Ila kuna sheria nyingine ambayo wahubiri tunairuka, sijui kwa nini. Kila aliyetoa alipata risiti. Kila mwaka vitabu vya hesabu vilikaguliwa na watu wengine, na taarifa ikachapishwa ili yeyote aisome. Baadaye risiti zikawekwa namba, na namba zile zile zikachapishwa katika taarifa. Umetoa shilingi moja bila kutaka jina lako lijulikane? Unatafuta namba yako, unaikuta na shilingi yako mbele yake. Isipokuwepo, unajua wa kumwuliza. Mkewe naye alipitia vitabu vya matumizi ya zile nyumba, mwezi kwa mwezi.

Utaniuliza: mtu ameokoka, amebadilika, daftari la nini tena? Mimi naona Müller alimkumbuka yule mshika mfuko wa Uswisi. Najua jambo hili kwa sababu yangu mwenyewe. Nikiwa nimeokoka tayari, nilikuwa mweka hazina wa kwaya ya vijana. Tulikuwa tunachanga kununua kinanda. Nikapungukiwa nauli ya kwenda msibani, nikachukua kidogo, nikasema nitarudisha Jumamosi. Jumamosi ikapita. Nikachukua tena. Hakuna aliyeniuliza, maana mimi ndiye niliyekuwa naomba kwa machozi kuliko wote. Miezi mitano baadaye nilisimama mbele ya kwaya nikasema. Niliuza baiskeli yangu. Uniulize siku ile niliona aibu gani! Lakini usiku ule nililala usingizi.

Basi turudi Bristol. Mwaka 1835, kabla nyumba haijafunguliwa, alikuja mshona nguo mmoja, mwanamke mwenye afya dhaifu, anayepata shilingi chache tu kwa wiki. Akaleta pauni 100. Wewe ungefanyaje? Wengi wetu tungepiga haleluya na kuandika haraka. Müller aliogopa. Hakuzipokea, akamwita kwanza, akamhoji: fedha zimetoka wapi, ametoa kwa haraka ya moyo, hatajuta kesho? Akakuta kwamba amerithi pauni 480. Kwanza amelipa madeni ya marehemu baba yake, ingawa sheria haikumdai yeye. Halafu amempa mama yake pauni 100. Ndipo akaja kwa yatima. Baada ya kusikia hayo Müller akapokea. Alimchunga mtoaji pia, wala hakuchunga sanduku peke yake.

Usifikiri mambo yalikuwa laini. Kuna siku walianza asubuhi hawana cha kununulia chakula cha jioni, na msaada ukafika siku ile ile. Mwaka 1838 walifika siku ya kulipa kodi ya nyumba na fedha hazipo, nao walikuwa wameomba. Müller hakumlaumu Mungu. Alikiri kwamba kosa ni lao, walipaswa kutenga fungu la kodi kila wiki. Kuanzia hapo wakatenga. Maombi na bajeti, ndugu yangu!

Desemba 1841 sanduku lilikuwa karibu tupu, na ulikuwa wakati wa kawaida wa kuita watu na kuwasomea taarifa ya mwaka. Mwingine angesema hii ndiyo nafasi, tuwaeleze shida zetu walie, watoe. Yeye aliahirisha mkutano ule mpaka mwaka uliofuata, ili taarifa isigeuke kuwa bakuli la kuombea. Hesabu alizitoa, lakini baadaye. Mimi sijui kama ningeweza.

Mwaka 1849 akafungua nyumba kubwa ya kwanza juu ya kilima cha Ashley Down, ya watoto 300. Kufikia mwaka 1870 zilikuwa nyumba tano, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Alipozeeka, tangu mwaka 1875, akazunguka dunia kuhubiri, nchi zaidi ya arobaini. Katika maisha yake yatima zaidi ya 10,000 walilelewa pale, wakala, wakavaa, wakasoma. Fedha zilizopita mkononi mwake kwa kazi zote zilikuwa karibu pauni milioni moja na nusu, na kwa pesa ya wakati ule hicho ni kilima cha fedha. Yule mtoto wa kiatu!

Alikufa alfajiri ya tarehe 10 Machi 1898, peke yake chumbani, akiwa na miaka 92. Maelfu walijaa barabarani siku ya maziko, na watoto yatima walifuata jeneza lake. Mali yake ilipohesabiwa, pamoja na vitabu na samani, haikufika pauni 200.

Tena kuna jambo lililojulikana vizuri baada ya yeye kufa. Katika taarifa zile za kila mwaka alikuwepo mtoaji mmoja asiyetajwa jina, aliyeandikwa tu kama mtumishi wa Bwana Yesu. Jumla ya aliyotoa ilizidi pauni 81,000. Alikuwa Müller mwenyewe. Zile alizoletewa kwa matumizi yake alizirudisha katika kazi, na aliziandika kama za mtu mwingine yeyote.

Kijana, kama kuna fedha ndani ya kiatu chako leo, za mwajiri, za mama, za chama, usiende nazo nyumbani. Sisi tupo mbele ya jukwaa kila jioni baada ya mahubiri. Njoo kama ulivyo, tutaomba pamoja, na kesho tutakusindikiza kwa mwenye fedha kama unaogopa kwenda peke yako. Na ukitaka kujua sadaka ya jana ilikuwa kiasi gani na imenunua nini, uliza pia. Daftari liko pale mezani.