Lady Chesham: Mwakilishi wa Nyanda za Juu Kusini Aliyewania Kiti Ili Kiti Hicho Kifutwe

Mahali Mto Songwe unapoingia Ziwa Nyasa, na mashamba ya mpunga ya Kyela yanapokaribia maji, ndipo lilipokuwa likiishia Jimbo la Nyanda za Juu Kusini enzi za utawala wa Waingereza. Jimbo hilo lilianzia Iringa, likapita Njombe na Mbeya, kisha likateremka Rungwe hadi ufukweni. Kyela ya leo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, na wananchi wake walifuata huduma za Serikali Tukuyu, mlimani.

Mwaka 1958 Watanganyika walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Miongoni mwa waliopewa dhamana ya kuliwakilisha jimbo hilo alikuwa mwanamke mzaliwa wa Marekani, Marion Chesham, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lady Chesham.

Alizaliwa mwaka 1903 na asili yake ni Philadelphia. Mwaka 1938 aliolewa na John Cavendish, Mwingereza mwenye cheo cha ukabaila cha Baron Chesham, na jina la Lady Chesham lilitokana na ndoa hiyo. Maisha yao yalihamia Nyanda za Juu Kusini, katika eneo la Iringa, ambako walowezi kutoka Ulaya walikuwa wakimiliki mashamba makubwa. Mumewe alifariki dunia mwaka 1952, naye akabaki Tanganyika.

Angeweza kuishi kama walivyoishi walowezi wengi wa wakati ule, akishughulika na shamba lake na kuiachia Serikali ya kikoloni mambo ya siasa. Lakini miaka hiyo haikumwacha mtu yeyote pembeni. Mwaka 1954 TANU ilianzishwa chini ya uongozi wa Julius Nyerere, ikadai nchi ijitawale. Mwaka 1956, kwa kuungwa mkono na Gavana Edward Twining, kilianzishwa chama cha UTP, kilichotaka madaraka yagawanywe kwa misingi ya rangi, ili Wazungu na Waasia wachache wawe na sauti sawa na mamilioni ya Waafrika.

Uchaguzi wa mwaka 1958 uliandaliwa kwa kufuata fikra hiyo. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu, moja kwa kila kiti, na aliyekataa kufanya hivyo kura yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Ndiyo sababu uchaguzi huo unakumbukwa kama uchaguzi wa kura tatu.

Aidha, haki ya kupiga kura haikuwa ya kila mtu. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe na wadhifa uliotambuliwa na sheria. Kwa masharti hayo, waliojiandikisha nchi nzima walikuwa takribani 60,000 tu. Upande wa Kyela na Rungwe, mwalimu, karani au mkulima aliyefanikiwa angeweza kutimiza masharti hayo. Mkulima mdogo wa mpunga, au kijana aliyekwenda kutafuta riziki katika migodi ya kusini mwa Afrika, hakuwa na nafasi.

TANU ilijadili suala hilo katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958. Wapo waliotaka chama kiususie uchaguzi huo wa kibaguzi. Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, kwa hoja kwamba kususia kungeviacha viti vyote mikononi mwa wapinzani wa uhuru. Uamuzi huo uliwaudhi baadhi ya wanachama. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake.

Baada ya uamuzi huo, TANU ilihitaji Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono katika viti ambavyo mwanachama wake hangeweza kuvigombea. Wakati huo uanachama wa TANU ulikuwa wa Waafrika pekee. Kwa hiyo aliyekubali kuungwa mkono na chama hicho alijiweka mahali pagumu, kwani walowezi wenzake wangemwona msaliti, na chama alichokitumikia hakikuwa na kadi ya kumpa.

Lady Chesham alikubali. Katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini kiti cha Mwafrika kilichukuliwa na John Mwakangale wa TANU, mwanasiasa ambaye Januari 1962 alimpokea Nelson Mandela mjini Mbeya, Mandela alipokuwa safarini kutafuta msaada wa mapambano ya Afrika Kusini. Katika kiti cha Mzungu Lady Chesham alikabiliana na Ivor Bayldon, mwenyekiti wa UTP, ambaye naye alikuwa mlowezi wa nyanda hizo hizo.

Sheria iliyotungwa kuilinda UTP ndiyo iliyoiangusha. Kwa kuwa kila mpiga kura alilazimika kuchagua pia Mzungu na Mwasia, Mwafrika wa Tukuyu au Kyela aliyempigia kura Mwakangale alikuwa pia na sauti ya kuamua ni Mzungu gani aende barazani. Bayldon alishindwa. Mwenyekiti wa chama kilichopendwa na Serikali ya kikoloni aliangushwa na mjane wa Iringa katika jimbo lake mwenyewe, na UTP haikuinuka tena.

Barazani, Lady Chesham aliungana na wajumbe wenzake waliochaguliwa katika umoja wao, TEMO, ulioongozwa na Nyerere. Wanawake walikuwa wachache, lakini walikuwapo. Sophia Mustafa alitoka Jimbo la Kaskazini, naye Barbro Johansson, mwalimu mzaliwa wa Sweden, alitoka upande wa Ziwa Victoria. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyekuwa Mwafrika kwa asili. Huo ni ukweli unaoonesha jinsi sheria ya kura tatu ilivyowabana wanawake wa Kiafrika, ambao chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed walikuwa tayari wameijenga TANU mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji.

Mipaka ya jimbo nayo ilikuwa na mambo yake. Machi 1959 utawala wa Waingereza ulitangaza hali ya hatari nchini Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wananchi wa Kyela wana undugu na watu wa Karonga, na Mto Songwe haujawahi kuukata undugu huo. Waliona ng'ambo jinsi madai ya uhuru yalivyojibiwa kwa kukamatwa kwa viongozi, wakati Tanganyika ikielekea uhuru kwa njia ya mazungumzo na kura.

Uchaguzi wa Agosti 1960 haukuwa tena wa kura tatu. Masharti ya kupiga kura yalilegezwa na waliojiandikisha wakafikia takribani 885,000. TANU na waliounga mkono sera zake walipata viti 70 kati ya 71. Lady Chesham alirejea katika chombo hicho, akawa miongoni mwa wabunge walioshuhudia nchi ikipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961.

Miezi michache kabla ya siku hiyo, Bunge lilikuwa limejadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliupinga msimamo huo kwa ukali, akaweka bayana kwamba Serikali yake ingejiuzulu kuliko kuujenga uraia juu ya rangi ya ngozi. Muswada ulipita. Kwa Lady Chesham, mjadala huo ulihusu hatima yake mwenyewe, yaani kama nchi aliyoitumikia ingemtambua kuwa mtu wake. Mlango ulipofunguliwa aliingia, akawa raia wa Tanganyika.

Baada ya uhuru, nguvu zake alizielekeza zaidi katika maendeleo ya vijiji. Mwaka 1962 ulianzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana kwa kifupi kama CDTF, naye akawa mmoja wa waliousimamisha na kuutumikia, akitafuta michango ndani na nje ya nchi. Zilikuwa siku za kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Wanakijiji walijitolea nguvu zao kujenga shule, zahanati na visima, na mfuko ukachangia yale ambayo jasho peke yake halikuweza kuyaleta.

Lady Chesham alifariki dunia mwaka 1973. Jimbo alilolitumikia limegawanyika kuwa mikoa, na Kyela imekuwa wilaya kamili ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mfuko alioshiriki kuusimamisha umeendelea kuwapo baada yake.

Maisha yake yana mambo ya kutafakari. Alifaidika na mfumo uliowapa Wazungu ardhi na viti, na kiti chake cha kwanza kilitengwa kwa sababu ya rangi yake. Alikitumia kiti hicho kuwaunga mkono waliotaka utaratibu huo ufutwe, na ulipofutwa alikubali kuwa raia mmoja miongoni mwa raia wengine.

Leo mwananchi wa Kyela mwenye umri wa miaka 18 hujiandikisha katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura bila kuulizwa kipato chake, darasa aliloishia wala rangi yake. Kwa babu zake haki hiyo ilikuwa ya wachache, na wachache hao waliitumia vizuri.