Joseph Thomson: Kijana wa miaka 21 aliyeiona pepo Unyakyusa

KWA mpenzi wa soka, Tukuyu ni Banyambala. Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, timu ya kutoka kwenye mvua, migomba na baridi ya mlima Rungwe. Ukitaja jina hilo mbele ya wazee wa soka, mazungumzo hayaishi leo.

Lakini miaka 107 kabla ya ubingwa huo, nchi hiyo iliandikwa kwa sifa kubwa na mtembeaji mmoja kutoka Uskochi. Jina lake Joseph Thomson. Wengi wanamjua bila kujua kwamba wanamjua, maana yule swala mdogo wa Serengeti mwenye mstari mweusi ubavuni, swala tomi, ndiye aliyepewa jina lake.

Thomson alizaliwa Februari 14, 1858, kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskochi. Baba yake alikuwa fundi mawe, baadaye akawa na machimbo yake. Kijana akasoma jiolojia Chuo Kikuu cha Edinburgh, huku kichwa kimejaa habari za wasafiri wa Afrika. Mwaka 1878 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kikatafuta mtu wa kumsaidia Keith Johnston, aliyekuwa anaongoza msafara kutoka pwani hadi ziwa Nyasa na Tanganyika. Thomson akapata nafasi ya msaidizi.

Msafara ukaondoka Dar es Salaam Mei 1879 na watu kama 150. Juni 28 Johnston akafa kwa ugonjwa pale Behobeho, sehemu ambayo leo iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Basi kijana wa miaka 21, ambaye hakuwahi kuongoza hata watu kumi, akajikuta amevishwa kitambaa cha unahodha mechi ikiwa ndiyo kwanza imeanza.

Hapa lazima atajwe mchezaji aliyeshika kiungo. James Chuma, Myao, aliokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 na kundi la Livingstone. Ndiye aliyekuwa na Susi mwaka 1873, walipoubeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo hadi Bagamoyo. Kwenye msafara huu Chuma alikuwa kiongozi wa wapagazi. Lugha nyingi alizijua, njia alizijua, na namna ya kuingia kwa mtemi bila kuleta ugomvi aliijua kuliko Mzungu yeyote. Thomson alirudi pwani Julai 1880 akijisifu kwamba hakumpiga mtu risasi njia nzima. Sifa hiyo ni ya kweli, ila nusu yake, kama siyo zaidi, ni ya Chuma.

Septemba 1879 wakashuka kutoka nyanda za juu za Ubena, zenye baridi na upepo, wakafika kichwa cha ziwa Nyasa. Ni eneo la Kyela ya leo, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Rungwe. Ramani za Wazungu ziliiita nchi hiyo Konde, jina ambalo mpaka leo huwachanganya watu na Wamakonde wa Mtwara.

Thomson akachanganyikiwa kwa furaha. Aliona migomba imepangwa, chini yake hakuna jani wala takataka. Nyumba za mviringo za mianzi na udongo, safi utadhani zimejengwa za maonyesho. Miti mikubwa ya kivuli, na watu wameketi chini yake bila haraka. Katika kitabu chake cha 1881 aliilinganisha nchi hiyo na Arcadia, ile nchi ya wachungaji wenye raha ambayo washairi wa Ulaya waliitunga tangu enzi za Wagiriki na Warumi.

Hakudanganya. Aliyoyaona yalikuwepo. Tatizo ni kwamba picha ile alikuja nayo kutoka kwao. Alisomeshwa kwamba kuna mahali duniani watu wanaishi bila jasho, ardhi inawalisha yenyewe, naye alipotoka kwenye baridi ya Ubena akakuta kijani, ndizi na maziwa, akajua amefika. Mtu akipewa sifa namna hiyo hawezi hata kulalamika, lakini ukiangalia vizuri, kazi yake imefutwa.

Kwa sababu migomba haijifagii. Ng'ombe wa Wanyakyusa walilala ndani ya nyumba pamoja na wenyewe, na ili nyumba ing'ae vile, kinyesi kilitolewa kila siku na kupelekwa kwenye migomba. Mtoto wa kiume alichunga tangu mdogo. Akifika miaka kumi hivi alihama kwa baba yake, akaenda na wenzake wa rika lake kujenga vibanda pembeni, kijiji chao wenyewe. Walirudi kwa akina mama kula, wakizunguka nyumba kwa nyumba kama timu, na mashamba ya baba zao waliyalima. Walikua pamoja, wakaoa, wakabaki pamoja, mpaka siku ya sherehe ya ubusoka wazee walipowaachia nchi. Nyuma ya usafi ule kulikuwa na nidhamu, zamu, aibu ya kuonekana mvivu mbele ya rika. Mgeni aliyekaa siku chache akaona bustani.

Kwamba jicho lake lilikuwa na mazoea yake, linaonekana mbele ya safari. Kule Urua, magharibi ya ziwa Tanganyika, alikotishwa na kuporwa mpaka akalazimika kugeuza, kalamu ikabadilika kabisa. Waliompokea vizuri wakawa watu wa Arcadia, waliomfukuza wakawa wezi. Hakuuliza sana Warua walikuwa wamepitia nini kwa misafara iliyotangulia.

Mwaka 1881 zamu ya kutazama vibaya ikawa ya mwingine. Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri kwenda Ruvuma kuthibitisha makaa ya mawe. Thomson akarudi na jibu la mwanajiolojia: ni mwamba tu, makaa hakuna. Sultani, aliyekwisha kuyaona makaa hayo moyoni, akakasirika.

Halafu ikaja safari kubwa ya 1883 hadi 1884, kupita nchi ya Wamasai. Alijaribu kupanda Kilimanjaro akaishia karibu mita 2,700. Lakini kwa Wamasai ndipo mambo yalipogeuka. Walitaka kujua huyu ni nani, wakampima kwa kipimo cha kwao: mgeni wa ajabu namna hii lazima awe laiboni. Thomson akaikubali kazi. Alikuwa na meno mawili ya bandia, akayatoa na kuyarudisha mbele yao. Alikuwa na Eno, ile ya kutuliza tumbo, akaimimina majini ikafoka. Akapita. Mtu aliyetembea miaka yote akiwapa watu majina, sasa usalama wake ulitegemea jina alilopewa yeye.

Desemba 31, 1883 nyati aliyemdhania amekufa alimwinua kwa pembe. Aliponea chupuchupu, akabebwa siku nyingi. Mwili haukurudi tena kama zamani, ingawa alikwenda Sokoto mwaka 1885, milima ya Atlas ya Moroko mwaka 1888, na mwaka 1890 akatumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuelekea Katanga, ndui ikawazuia njiani. Alikufa London Agosti 2, 1895. Miaka 37 tu. Chuma alikwisha kufa Zanzibar tangu 1882.

Katikati ya miaka ya 1930 wakaja Rungwe watu wengine wa kutazama, Godfrey Wilson na mkewe Monica. Hawa walikaa hadi 1938, wakajifunza Kinyakyusa, wakauliza nani analala wapi, nani analima kwa nani. Kitabu cha Monica kuhusu vijiji vya rika kilitoka 1951, na ndani yake wale vijana wa vibandani wapo, na majembe yao.

Jina la Thomson limebaki kwenye maporomoko ya Nyahururu, Kenya, na kwa yule swala. Swala tomi mwenyewe hafiki Rungwe.