Bibi Kate Greenaway na Kadi Zisizo na Jina

Kila ifikapo tarehe 14 Februari wengi huuliza kama siku ya Valentino ni jambo la Kanisa au la wenye maduka tu. Sisi twajibu kwamba ni la wote wawili. Jina la Valentino, Askofu, limo katika kalenda ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1662. Lakini kadi za mapenzi zimekuja kwa njia nyingine, hasa kwa njia ya posta. Uingereza ilipopunguza nauli ya barua kuwa peni moja mwaka 1840, hata mtumishi wa jikoni aliweza kutuma kadi, na viwanda vikaanza kuzitengeneza kwa maelfu. Desturi ilikuwa kwamba mwenye kutuma asiandike jina lake, bali mwenye kupokea akae akikisia.

Yupo na mwingine ambaye jina lake halikuandikwa katika kadi hizo, naye ni yule aliyezichora. Leo wapo watu, Uingereza na Marekani, wanaozikusanya kadi hizo za kale na kutaka kujua kila moja ni kazi ya nani. Jina wanalolitafuta kwa bidii kuliko mengi ni la Bibi Kate Greenaway, na habari za maisha yake ndizo tunazowaletea.

Alizaliwa Hoxton, mjini London, tarehe 17 Machi 1846. Baba yake, John Greenaway, alikuwa mchonga picha. Siku zile magazeti hayakuwa na njia ya kuchapa picha za kamera, kwa hiyo kila picha ilichongwa kwanza katika kipande cha mbao ngumu, kisha ikapigwa chapa. Gazeti likitaka picha kesho asubuhi, mchongaji hukesha, na mzee John alikesha mara nyingi. Mchapaji mmoja aliyempa kazi kubwa alifilisika, na nyumba ikapata shida. Hapo mama akafungua duka Islington, akauza lesi na nguo za watoto, na duka lile ndilo lililowalisha na kuwasomesha watoto wanne.

Mtoto Kate alipelekwa kukaa shamba, kijiji cha Rolleston katika jimbo la Nottinghamshire. Huko wazee walikuwa bado wakivaa mavazi ya zamani, wanaume kanzu pana za kazi na wanawake kofia kubwa za kitambaa za kukinga jua. Hakuyasahau kamwe. Twaweza kusema kwamba duka la mama na shamba la Rolleston ndivyo vilivyomfanya kuwa vile alivyokuwa, kuliko walimu wake wote.

Walimu nao hawakukosekana. Akiwa na umri wa miaka 12 alikwisha kuingia katika masomo ya uchoraji huko Finsbury, kisha akasoma South Kensington, na baadaye katika shule ya Slade iliyofunguliwa mwaka 1871.

Mwaka 1868, akiwa na miaka 22, alionyesha michoro yake midogo katika ukumbi wa Dudley. Aliyeinunua alikuwa kasisi wa Kanisa letu la Kianglikana, William John Loftie, mtu wa Ireland, aliyekuwa mhariri wa gazeti moja la watu wa kawaida. Kasisi huyu alipenda mambo ya kale na majengo ya kale, akaona mara moja kwamba kipawa cha msichana yule kilikuwa katika mavazi. Akampeleka kwa kampuni ya Marcus Ward ya Belfast, waliokuwa wachapaji wa kadi.

Kazi yao ilikuwa ya kuchapa kwa mawe. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na karatasi ilipitishwa juu ya mawe hayo moja baada ya jingine mpaka picha ikatimia. Yalikuwa mambo ya gharama na ustadi, na kampuni ilijivunia rangi zake. Bibi Kate akawachorea kadi za Krismasi na za Valentino kwa miaka mingi. Waandishi wa kwanza wa maisha yake, Spielmann na Layard, walioandika mwaka 1905, wanaeleza kwamba kadi yake moja ya Valentino iliuzwa zaidi ya nakala 25,000 katika majuma machache, na kwamba yeye alipata yapata paundi 3 tu. Sisi tulipiga hesabu. Paundi moja ya zamani ilikuwa peni 240, basi paundi 3 ni peni 720. Maana yake alipata peni moja kwa kila kadi 35 hivi. Nauli ya kutuma kadi hizo 35 kama barua ingekuwa si chini ya peni 35.

Wala jina lake halikuwamo. Kadi ilitoka kwa jina la kampuni, na michoro ilikuwa mali ya kampuni. Hatusemi kwamba Marcus Ward walikuwa wabaya kuliko wengine, kwa maana ndivyo biashara ilivyokuwa, na wachoraji wengi walikufa bila kujulikana kabisa. Lakini mwaka 1876 kampuni ile ilifanya jambo moja ambalo wakusanyaji wa leo wanalishukuru. Ilitoa kitabu cha mashairi ya Valentino kiitwacho The Quiver of Love, yaani Podo la Mapenzi, chenye picha za rangi za namna ya kadi zake, na ndani yake ikataja majina ya wachoraji wawili, Walter Crane na K. Greenaway. Ukipata kadi isiyo na jina yenye picha iliyomo katika kitabu hicho, walau umejua kwamba ni kazi ya mmoja wa wawili hao.

Basi kuwatenganisha ndiyo kazi. Crane alipenda mistari iliyokazwa na miili mirefu kama ya sanamu za Wagiriki, na mara nyingi alitia alama ya ndege korongo, kwa sababu jina lake kwa Kiingereza ndilo jina la korongo. Bibi Kate alikuwa mpole zaidi. Nyuso zake ni za mviringo, macho yametulia, rangi zimefifishwa kidogo. Miguu ilimshinda. Rafiki yake John Ruskin, mwandishi mashuhuri wa mambo ya sanaa, alimlaumu kwa viatu alivyochora, na ukivitazama utakubali kwamba vinafanana na kome wa baharini. Mkusanyaji mzoefu huanza na viatu.

Wengi hukosea hapa, na makosa yao yanawatoa fedha. Wakiona kadi yoyote yenye mtoto aliyevaa kofia kubwa na gauni refu, husema ni ya Greenaway. Lakini kadi zake nyingi za Marcus Ward ni za miaka ya 1870, kabla hajawa na mtindo ule uliomtangaza, na ndani yake mna mabibi wa zama za kale, majini wadogo na malaika. Watoto wenye kofia walijaa baadaye, alipokwisha kuwa maarufu na kila mtu akamwiga, hata katika sahani, leso na vigae. Waigaji hawakumlipa kitu. Lenzi nayo husaidia. Picha iliyochapwa kwa jiwe huonyesha vitone vidogo vidogo, na iliyochapwa kwa mbao huonyesha mistari. Vitabu vyake vilichapwa kwa mbao. Kwa hiyo mtoto wa kitabuni akionekana katika kadi ya vitone, yafaa kuuliza ni nani aliyemnakili.

Alipoachana na Marcus Ward, yapata mwaka 1877, baba yake alimpeleka kwa rafiki yake Edmund Evans, mchapaji wa rangi aliyejifunza kazi pamoja naye ujanani. Bibi Kate alikuwa na michoro ya watoto pamoja na mashairi madogo aliyoyatunga mwenyewe. Evans akaamua kuchapa nakala 20,000 za kitabu hicho, Under the Window. Routledge, waliokuwa wenye kukitoa, walimwona kama mtu asiye na akili. Kitabu kilitoka mwaka 1879 na nakala zote zikaisha kabla hajawahi kuchapa nyingine, na uchapaji ukaendelea mpaka zikafika 70,000. Safari hii jina lake lilikuwa juu ya jalada, na alipata sehemu ya faida. Alikwisha kujifunza.

Vikafuata kitabu cha siku za kuzaliwa cha mwaka 1880 chenye picha 382, kitabu cha lugha ya maua cha mwaka 1884, na kalenda ndogo za kila mwaka kuanzia 1883. Nguo za watoto alizozichora alizishona mwenyewe, kisha akawavika watoto waliokuja kukaa mbele yake achore. Mtoto wa mwenye duka la nguo hakuliacha duka. Mwaka 1885 akahamia Hampstead, katika nyumba aliyojengewa na Norman Shaw, mjenzi maarufu wa siku zile.

Hatuwezi kupita bila kusema habari za Ruskin. Alimwandikia Bibi Kate kwa mara ya kwanza mwaka 1880, wakaonana mwaka 1882, na mwaka 1883 akamsifu mbele ya watu huko Oxford. Ruskin alimzidi miaka 27. Barua zikawa nyingi. Bibi Kate alimpenda, na hili halikufichika katika barua zake. Yeye Ruskin alimpenda kama apendavyo mtu ua au picha, akamshauri mno, akamlaumu kwa viatu na kumtaka achore mawe na majani kama yalivyo, naye akatii ingawa kipawa chake hakikuwa huko. Kisha akili ya Ruskin ikaugua, na tangu yapata mwaka 1889 hakuweza tena kuandika kwa wema wala kwa ubaya. Bibi Kate aliendelea kumwandikia, barua ndefu, mara nyingine na picha ndogo pembeni, bila kupata jibu, mpaka Ruskin alipofariki tarehe 20 Januari 1900. Miaka kumi kuandika kwa mtu asiyejibu! Hakuolewa.

Miaka hiyo ya mwisho watu walikuwa wamechoka na kofia zake. Kalenda ilikoma mwaka 1897. Alijaribu rangi za mafuta, akaonyesha michoro ukumbini, lakini wanunuzi walipungua. Alipatwa na saratani ya titi akaificha, akafariki nyumbani kwake tarehe 6 Novemba 1901, mwenye miaka 55. Majivu yake yalizikwa katika makaburi ya Hampstead.

Kule Islington, mama yake alikokuwa na duka, aliishi mfanya biashara ya kadi aitwaye Jonathan King, aliyefariki mwaka 1911. Mtu huyu alikusanya kadi kuliko yeyote tunayemfahamu. Gleeson White, aliyeandika mwaka 1894 juu ya wachoraji wa kadi za Krismasi, alipitia makusanyo yake na kuhesabu aina zipatazo 163,000, zilizobandikwa katika vitabu yapata 700. Bila mtu wa namna hiyo, asiyetupa karatasi, kazi ya wachoraji hawa ingekwisha kuwashia moto. Sehemu ya Valentino zake imehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa London. Wakusanyaji wa leo huzilinganisha zao na zile, na pia hutumia orodha kubwa ya kazi zilizochapwa za Bibi Kate iliyotolewa mwaka 1986.

Mwaka 1955 chama cha wakutubi wa Uingereza kiliweka medali kwa jina lake, ya kumtuza mchoraji bora wa vitabu vya watoto, na wa kwanza kuipokea alikuwa Edward Ardizzone, kwa kitabu cha mwaka 1956. Wachoraji waliitwa washindi wa Greenaway kwa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 2022 medali ikabadilishwa jina ikaitwa ya Carnegie, kama ile ya waandishi, na jina la Greenaway likaondolewa. Kadi zake bado hutokea minadani, katika maboksi ya karatasi za kale, nyuma yake hakuna kitu, au pana jina la Marcus Ward peke yake.